Muhindo Nzangi: mbunge wa Goma aliyefungwa juu ya maneno ya redio

Muhindo Nzangi Butondo ni mwanasiasa wa Kivu ya Kaskazini. Katika uchaguzi wa mwezi wa 11 mwaka 2011, alichaguliwa mbunge wa taifa kwa muji wa Goma, kwa chama cha MSR. Wakati ule MSR ilikuwa upande wa Rais Joseph Kabila.

Kazi yake bungeni ilianguka katikati ya vita. Tarehe 20 mwezi wa 11 mwaka 2012, M23 iliingia Goma, ikatoka mwanzo wa mwezi wa 12. Katikati ya mwaka 2013 mapigano yalirudi kaskazini ya muji, upande wa Nyiragongo.

Tarehe 11 mwezi wa 8 mwaka 2013, Nzangi alisema kwenye redio moja ya Goma. Alikosoa namna Rais alivyoendesha vita ya mashariki na siasa yake ya mazungumzo. Alishikwa, na tarehe 13, siku mbili tu kisha kipindi kile, Korti Kuu ya inchi ikamkatia miaka 3 ya gereza juu ya kuhatarisha usalama wa ndani wa taifa.

Sheria inasema nini? Kifungu cha 107 cha Katiba kina kinga mbili, na watu wanazichanganya mara nyingi. Ya kwanza: mbunge hashitakiwi wala hafungwi juu ya maoni ao kura yake anapofanya kazi yake. Ya pili inahusu makosa mengine: hashikwi bila ruhusa ya bunge, ao ya biro yake wakati wa mapumziko, isipokuwa amekutwa papo hapo katika kosa.

Nzangi alihukumiwa kwa njia ya haraka, ile ya kosa la papo hapo. Lakini swali la kinga ya kwanza lilibaki: maneno yake hayakuwa maoni ya mbunge? Umoja wa Mabunge ya Dunia (UIP) ulifuata kesi yake. Rufani haikuwepo: mbunge anahukumiwa moja kwa moja na korti ya juu.

Kisha gereza, Nzangi alirudi kwenye siasa. Mwaka 2021 akawa waziri wa masomo ya juu na vyuo vikuu katika serikali ya Sama Lukonde. Mwaka 2024 akapewa maendeleo ya vijiji katika serikali ya Judith Suminwa.

Na mkaaji wa kawaida anayeita redio? Kifungu cha 107 hakimuhusu. Yeye anategemea kifungu cha 23, kinachompa kila mtu uhuru wa kusema, akiheshimu sheria.