Nakala ya Akiba

Nakala ya akiba ni nakala ya ziada ya mafaili ya kompyuta, ihifadhiwayo mbali na yale ya asili, ili mtu aliyepotewa na kazi zake kwa kuharibika diski, kwa wizi, kwa moto, au kwa kufuta bila kukusudia, apate kuzirejesha. Kanuni mashuhuri, iliyoenezwa na mpiga picha wa Marekani Peter Krogh, yataka nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili, na moja yao iwekwe mahali pengine kabisa.

Thamani ya sharti hili la mwisho ilidhihirika mwaka 1998 katika studio ya Pixar, ambako amri moja iliyotolewa kwa kosa ilifuta sehemu kubwa ya filamu ya Toy Story 2, na watengenezaji walipoiendea akiba yao wakaikuta ina kasoro. Lililowaokoa ni nakala iliyokuwa nyumbani kwa Galyn Susman, msimamizi wa ufundi, aliyekuwa akifanyia kazi huko baada ya kujifungua. Akiba isiyowahi kujaribiwa, kwa hakika, haistahili kutegemewa.

Mwenye kuandika kila siku na anakili kila siku, ikiwezekana kwa programu ifanyayo hivyo yenyewe, kama Time Machine ya Apple iliyotolewa mwaka 2007. Diski ya nje nayo ichomolewe baada ya kunakili, kwani programu haramu zidaizo fidia, mfano wa WannaCry ya Mei 2017, huyafunga hata mafaili ya diski iliyochomekwa.