Herufi Moja Iliyotunyamazisha: Historia Fupi ya "S" ya Kiingereza

Ndugu wanafunzi wenzangu wa zamani, nanyi wadogo zetu mliomo madarasani hivi sasa,

Kila aliyepita sekondari katika mji huu anaijua sheria hii: "they go", lakini "he goes". Katika wakati uliopo, ukiacha vitenzi vichache vyenye tabia yao, kitenzi cha Kiingereza hakibadiliki ila katika nafsi ya tatu umoja, ambapo huongezewa s. Sheria ni fupi, lakini imewafunga wengi midomo. Sisi wa Mwananyamala, Magomeni, Tandika na Keko tulisoma shule ya msingi kwa Kiswahili, kama ilivyoamuliwa mwaka 1967. Tulipoingia Kidato cha Kwanza tukakuta karibu masomo yote ni kwa Kiingereza. Mwenye jibu sahihi la historia au biolojia aliona heri akae kimya kuliko kuchekwa kwa ajili ya herufi moja. Basi na tuulize: herufi hii ilitoka wapi?

Miaka elfu moja iliyopita, vitenzi vya Kiingereza vilikuwa na alama nyingi, karibu kama vyetu. Sisi husema ninaimba, unaimba, anaimba. Wao waliweka alama mwishoni. Mimi nilikuwa na mwisho wangu, wewe wako, yeye wake, na wengi walikuwa na wao. Kusini mwa Uingereza mwisho wa "yeye" ulikuwa -eth. Kaskazini watu walikwisha anza kutumia -s: kasisi Aldred, aliyeandika maneno ya Kiingereza juu ya mistari ya Kilatini ya Injili za Lindisfarne katika karne ya 10, alizitumia alama zote mbili. Polepole s hiyo ya kaskazini ikateremka hadi London. Shakespeare alichanganya zote mbili, Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 ikang'ang'ania -eth, na kabla karne ya 17 haijaisha s ilikuwa imeshinda.

Wakati huo huo alama nyingine zilikuwa zikianguka. Mwisho wa wingi, -en, uliotumiwa na mshairi Chaucer aliyefariki mwaka 1400, ulipotea. "Thou", yaani wewe, lilipoachwa watu wakatumia "you" kwa mmoja na kwa wengi, alama yake nayo ikaenda nalo. Kwa hiyo s ni nguzo moja iliyobaki katika nyumba iliyobomoka. Na si Waingereza wote walioitunza: katika lahaja ya asili ya Norfolk, mashariki mwa Uingereza, watu husema "he go", nao ni Waingereza wa kuzaliwa.

Sasa tutazame nyumbani. Nyumba yetu haijabomoka. Mtoto wa Tandika ambaye hajaingia darasani hasemi "mbwa anabweka" akikusudia mbwa watatu. Atasema "mbwa wanabweka". Jina halikubadilika, kitenzi ndicho kilichotuambia idadi. Mtoto huyo ni bingwa wa upatanisho. Kwa nini basi akifika sekondari herufi moja imshinde?

Sababu naziona mbili. Kwanza, katika majina ya Kiingereza s ni alama ya wingi, lakini katika vitenzi ni alama ya umoja: "boys go", "boy goes". Mwanafunzi huona kama s imeruka kutoka neno moja hadi jingine, wala hakuna aliyemweleza kwamba hizo ni s mbili zenye asili tofauti. Pili, sikio letu hungojea alama mwanzoni mwa kitenzi, tena alama yenye kazi. Hiyo ya Kiingereza huja mwishoni, na mara nyingi hurudia tu jambo ambalo jina limekwisha kulisema.

Jambo hili si dogo. Mwaka 1982 Tume ya Rais ya Elimu, chini ya uenyekiti wa Ndugu Jackson Makweta, ilipendekeza Kiswahili kianze kufundishia sekondari kuanzia mwaka 1985. Serikali haikulikubali pendekezo hilo, na hadi leo Kiingereza ndicho lugha ya kufundishia. Katika utumishi wangu serikalini nimekaa vikaoni na vijana wenye mawazo mazuri ambao, mgeni akiingia na lugha ikibadilika, hutazama meza mpaka kikao kifungwe.

Sisemi tuidharau s. Lugha sanifu ni makubaliano. Mwaka 1928, mkutano wa Mombasa ulipokichagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, msemaji wa Kimvita hakugeuka mjinga siku ile. Alipata tu kanuni ya kufuata katika maandishi. Hali kadhalika, wadogo zangu, ifuateni s katika mitihani na barua zenu. Kumbukeni pia kwamba katika kukanusha huhamia kwenye "does", ikaliacha "go" tupu: "he does not go".

Nanyi walimu, mwanafunzi akiiacha s, msahihisheni baada ya kulisikia jibu lake lote. Huenda jibu lenyewe ni sahihi.

Wasalaam.