Kolwezi: nani aliamua usalama wa mtaa?

Mji wa Kolwezi ulianzishwa mwaka 1937 na kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga, kwa sababu ya shaba. Wafanyakazi waliishi kambini, mbali na mtaa wa wazungu, na kila kambi ilikuwa na mkubwa wake aliyewekwa na kampuni. Huyo ndiye aliyejua nani anaingia, nani anatoka, nani anapewa nyumba. Mkaaji hakuulizwa. Mwaka 1967 serikali ilichukua migodi, na baadaye kampuni ikaitwa Gécamines, lakini desturi haikubadilika sana: usalama ulikuwa kazi ya wakubwa.

Wazee wanakumbuka jinsi ulinzi huo wa juu ulivyowaacha. Tarehe 13 Mei 1978 waasi wa FNLC waliingia mjini, na tarehe 19 askari wa Ufaransa waliruka kwa parashuti. Katikati ya siku hizo mamia ya raia walikufa. Mwaka 1993, maneno ya chuki ya wanasiasa yalifanya familia zenye asili ya Kasai zifukuzwe makwao. Wengi wao walizaliwa hapa hapa. Walilala kituoni pamoja na watoto na vyombo vyao, wakingojea treni.

Kisha ikaja Kasulo. Gécamines ilikuwa imeanguka. Kuanzia mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliachishwa kwa mpango wa kuondoka kwa hiari, na watu wengi mjini wakaishi kwa kuchimba kwa mikono. Mwaka 2014 mkaaji mmoja wa Kasulo alichimba kwenye kiwanja chake akakuta kobalti. Habari ikaenea. Watu wakachimba uani, wengine ndani ya sebule. Mashimo yalipita chini ya nyumba za majirani, na wachimbaji walifukiwa.

Hatari hiyo ilikuwa ya kweli, na majirani ndio waliokuwa wa kwanza kuiona. Lakini jibu lilitoka juu tena. Mwaka 2017 mamia ya familia walihamishwa kutoka sehemu moja ya mtaa, ukuta ukajengwa, na kampuni ya Congo Dongfang Mining ikapewa nafasi ya kununua madini ya humo. Waliohama waliambiwa wachague: pesa, au nyumba mahali pengine. Kubaki hakukuwa kati ya yale ya kuchagua.

Je, kuna njia nyingine? Sheria inasema ipo. Sheria ya Agosti 2011 juu ya polisi wa taifa inataka polisi iwe karibu na raia. Bukavu, Kananga na Matadi ndiyo miji iliyojaribu kwanza. Huko wakaaji walikutana katika baraza za mitaa wakataja wenyewe yanayowatisha: barabara isiyo na taa, wezi wa usiku, askari wanaodai pesa njiani. Mambo hayo yalipelekwa kwenye baraza la usalama la tarafa, ambako bugumesta, polisi na mashirika ya raia hukaa meza moja na kuandika mpango wa usalama. Kwa njia hiyo hofu ya mama wa sokoni inaandikwa kwenye karatasi ambayo kamanda atapaswa kuijibia.

Upande wa migodi, sheria iliyorekebishwa mwaka 2018 inalazimisha kila kampuni kupatana na wakaaji juu ya kazi za maendeleo, na kutenga angalau asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa ajili yao. Kanuni zake zinaeleza pia namna ya kuhamisha watu na kuwalipa.

Lakini sheria haikai mezani yenyewe. Anayehamishwa hupoteza nyumba, na hupoteza pia majirani waliomjua na shefu wa mtaa aliyemsikiliza. Kwa hiyo familia zilizohamishwa zina sababu kubwa kuliko wote ya kuandikisha majina yao kwa shefu wa mtaa mpya, kuuliza mkutano utakuwa siku gani, na kutuma watu wao, wanawake na vijana pia. Yatakayosemwa yaandikwe, na nakala ibaki mikononi mwa wakaaji. Kasulo ilijua hatari yake mapema. Kilichokosekana ni meza ya kuisemea kabla ukuta haujajengwa.