Bukumbi, Misheni ya Wakimbizi

Misheni yetu ya Bukumbi, kusini mwa mji wa Mwanza, haikuanzishwa kwa sherehe. Ilianzishwa na watu waliokuwa wamehama. Mwanzoni mwa 1883 mapadri walifika Kamoga, hapa Bukumbi, wakitokea Buganda kwa njia ya Ziwa Victoria, wakiwa na watoto waliowakomboa utumwani. Walikuwa wameondoka kwa Kabaka Mutesa, mfalme wa Buganda, kwa sababu nyingi. Pamoja nao alikuwa Padri Siméon Lourdel, Mfaransa wa kijiji cha Dury, ambaye Waganda walimwita Mapera, kutokana na namna Wafaransa wanavyomwita padri.

Sisi wazee wa Bukumbi tukianza kumsimulia Mapera hatumalizi mapema. Alikuwa katika msafara wa kwanza wa Mapadri Weupe uliotumwa na Lavigerie, mwanzilishi wa shirika lao, mwaka 1878. Kutoka Bagamoyo walitembea zaidi ya miezi sita, kwa homa na kutorokwa na wapagazi, hadi Kageye kando ya ziwa. Wenzake wakabaki hapo. Yeye na Bruda Amans wakaingia mtumbwini, wakatia nanga Kigungu, karibu na Entebbe, tarehe 17 Februari 1879. Alikuwa na miaka 25. Jumamosi Kuu ya 1880, tarehe 27 Machi, Waganda wa kwanza wakabatizwa.

Mutesa alifariki 1884. Mwanga, mwanawe, aliyemjua Mapera tangu ujana, akawaita mapadri warudi, nao wakarudi Julai 1885. Furaha haikudumu. Tarehe 15 Novemba mwaka huohuo Yosefu Mukasa Balikuddembe, Mkristo aliyetumikia ikulu, aliuawa, kwa kuwa alithubutu kumwonya Kabaka juu ya kuuawa kwa Askofu Hannington wa Waanglikana. Mei 1886 Mapera alikwenda Munyonyo kuwaombea vijana watumishi wa ikulu waliohukumiwa kifo kwa ajili ya imani yao. Hakupewa nafasi ya kuzungumza na Kabaka. Alisimama pale, akawaona wanafunzi wake wakipitishwa mbele yake wamefungwa kamba, na Kizito mdogo miongoni mwao. Yakobo Buzabaliawo aliinua mikono yake iliyofungwa, akamwonyesha mbinguni. Padri aliyekuja kuwatia moyo akatiwa moyo na wao. Tarehe 3 Juni, Sikukuu ya Kupaa Bwana, Karoli Lwanga na wenzake wakachomwa moto Namugongo.

Sasa nifike kwenye habari ninayoipenda kuliko zote. Mwaka 1888 Mwanga alipinduliwa, na muda mfupi baadaye wamisionari nao wakafukuzwa. Mapera akarudi Bukumbi. Mwanga, akiwa mkimbizi kule Magu, aliomba hifadhi kwa mapadri, na misheni yetu ikampokea. Aliyewahukumu wanafunzi wa Mapera alilala chini ya paa la Mapera na kula chakula chake. Misheni nyingi zina minara mirefu kuliko wetu. Sijasikia nyingine iliyopewa heshima kama hiyo.

Mwanga alirudi Buganda kuchukua tena kiti chake, na Mapera akamfuata. Alifariki Rubaga tarehe 12 Mei 1890, akiwa na miaka 36.

Miaka iliyofuata niitaje kwa ufupi. Mwanza ikawa vikarieti 1929, jimbo 1953 na jimbo kuu 1987. Tangu kuwa jimbo, maaskofu tuliowapata ni Blomjous, Butibubage, Mayala, Ruwa'ichi na Nkwande. Tuna hospitali na shule, na miito haijakauka. Kulikuwa na miaka migumu pia, Mungu alituvusha. Nao Balikuddembe, Lwanga na wenzao, mashahidi 22 wa Uganda, walitangazwa wenyeheri 1920 na watakatifu tarehe 18 Oktoba 1964.

Ndugu zangu, nyumbani kwenu kuna picha, vyeti vya ubatizo na daftari za makatekista wa zamani zinazoliwa na mchwa. Zileteni ofisi ya parokia kabla ya masika.