Insulini na Tatizo la Muda, 1922–1996

Insulini iliyotolewa Toronto mwaka 1922 kutoka katika kongosho za wanyama iliwaokoa wagonjwa wa kisukari na kifo, lakini haikuwaacha walale. Nguvu yake iliisha baada ya saa chache. Hivyo wengi walidungwa sindano mara kadhaa kwa siku, baadhi yao hata usiku. Mwaka 1936, nchini Denmark, Hans Christian Hagedorn na wenzake waliiunganisha na protamini, protini itokayo katika shahawa za samaki. Mchanganyiko huo huyeyuka polepole chini ya ngozi, na insulini huingia katika damu kidogo kidogo. Aina ya NPH, iliyofuata mwaka 1946, haikuwa na protamini ya ziada. Kwa hiyo iliweza kuchanganywa na insulini ya kawaida katika bomba moja la sindano bila kuipunguzia kasi.

Kasi hiyo yenyewe, hata hivyo, haikutosha. Molekuli za insulini ya kawaida hushikamana sita sita, na hazina budi kuachana kabla ya kupenya katika damu. Ndiyo maana hudungwa takriban nusu saa kabla ya kula. Katika insulini lispro, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1996, asidi amino mbili tu zilibadilishana nafasi, na mgonjwa akaweza kudungwa chakula kikiwa tayari mbele yake.