Ubatizo Mmoja, Kambi Mbili: Wakristu wa Nyunzu katika Miaka ya Mafarakano

Kurasa nyingine za kitabu hiki zinahesabu ubatizo, ndoa, shapeli na shule. Sisi tumechagua kuandika juu ya jambo lisilohesabika upesi: namna watu waliobatizwa kwa maji yale yale walivyotazamana kwa mishale na bunduki kwa sababu ya siasa.

Nyunzu si mahali pa kujificha. Reli itokayo Kabalo, penye Lualaba, kwenda Kalemie ilifika ziwani mwaka wa 1915, nayo inapita hapa kwetu. Pamoja na reli hupita kila kitu: samaki, barua, askari na maneno ya vyama. Kwa hiyo ugomvi wa wakubwa wa inchi haukukawia kutufikia.

Mwezi wa tano 1960, katika uchaguzi wa bunge la jimbo la Katanga, chama cha Conakat cha Moïse Tshombe kilipata viti 25 kati ya 60. Balubakat ya Jason Sendwe, pamoja na wenzake wa Cartel, walifuata karibu sana. Sheria ya Msingi ilitaka theluthi mbili za wabunge wawe barazani ndipo serikali ya jimbo ichaguliwe. Wabunge wa Balubakat walikataa kuketi. Basi Bunge la Ubelgiji likaigeuza sheria ile mwezi wa sita, majuma mawili tu mbele ya uhuru, na Conakat ikaunda serikali peke yake. Tunamwomba msomaji asiruke habari hii. Watu wengi hupenda kusema kwamba vita ile ilikuwa ya makabila tu, kana kwamba ilitoka katika damu. Sivyo. Ilitanguliwa na kalamu, na mishale ilikuja baadaye.

Tarehe 11 Julai 1960 Tshombe alitangaza kwamba Katanga imejitenga na Kongo, naye akasaidiwa na Wabelgiji. Kaskazini ilikataa. Vijana wa Balubakat, waliojulikana kwa jina la Jenesi, walifunga barabara na kuvunja madaraja. Majandarme wa Katanga wakachoma vijiji. Na jambo la kusikitisha ni hili, nalo ndugu zetu Wamethodisti watatuwia radhi tukilitaja: wakubwa hao wawili, Tshombe na Sendwe, walikuwa wote wana wa misioni za Wamethodisti. Walifundishwa katika Kanisa moja, wakaimba nyimbo zile zile. Hata hivyo, mafundisho ya namna moja hayakuwaketisha meza moja.

Kwa sisi wa njia ya reli, jina lisilosahaulika ni Niemba. Tarehe 8 Novemba 1960 askari 11 wa Irlandi, waliotumwa na ONU, walikuwa wakitazama barabara iliyofungwa, wakafika penye daraja lililovunjwa la mto Luweyeye. Kundi kubwa la wapiganaji wa Kiluba likatokea. Kiongozi wa askari, Luteni Kevin Gleeson, aliinua mkono akawasalimu kwa neno la Kiswahili, «Jambo». Salamu hiyo haikuitikiwa. Askari tisa walikufa, wawili wakasalimika. Walikuwa watoto wa inchi ya Kikatoliki, wamekuja kutenganisha wanaopigana. Lakini kwa watu ambao vijiji vyao vilikuwa vimechomwa, kila Mzungu mwenye bunduki alionekana kuwa mtu wa Tshombe. Tukiwalilia wale tisa, na tuwalilie pia watu wa vijiji vile, ambao majina yao hayakuandikwa katika gazeti lolote.

Mwaka uliofuata uchungu ulipanda mpaka kwenye altare. Askari waliotoka upande wa Stanleyville waliingia Kongolo siku ya mwisho ya 1961, na kesho yake, tarehe 1 Januari 1962, waliwaua wamisionari 20 wa Shirika la Roho Mtakatifu katika kambi ya askari. Miili yao ilitupwa katika Lualaba. Padri Jules Darmont alisalimika. Kwa nini wamisionari? Tusijibu haraka kwamba wauaji walichukia Injili. Wabelgiji walikuwa wameisaidia Katanga, na mmisionari Mbelgiji, hata akihubiri amani mchana na usiku, alivaa mbele ya macho ya askari wale rangi ya inchi yake. Mapadri wale walilipa deni ambalo si wao walioliandika.

Hapo, katika moshi ule ule, maaskofu wa Kongo walikutana mwishoni mwa 1961 wakachagua njia ya jumuiya hai: jamaa chache za jirani wakisali pamoja, wakisaidiana, wakipatanishana. Wengi wanadhani ni utaratibu uliobuniwa kwa kuwa mapadri ni haba. Kwa maoni yetu wakati wake unasema zaidi. Parokia yaweza kupoteza mapadri wake wote kwa asubuhi moja, kama Kongolo ilivyoonyesha majuma machache tu baadaye. Ujirani wa watu wanaojuana kwa majina si rahisi kuuondoa hivyo.

Katanga ilirudi katika Kongo mwezi wa kwanza 1963, lakini pumziko lilikuwa fupi. Mwezi wa sita 1964 waasi waliiteka Albertville, ndiyo Kalemie ya leo, na Sendwe mwenyewe akauawa humo. Mji ulirudishwa mikononi mwa serikali mwisho wa mwezi wa nane. Miezi mitatu baadaye, tarehe 28 Novemba, padri Albert Joubert aliuawa huko Fizi pamoja na padri Giovanni Didoné, na siku ile ile huko Baraka waliuawa Luigi Carrara na bruda Vittorio Faccin. Albert alikuwa mtoto wa kwetu Tanganyika, mzaliwa wa Mrumbi karibu na Moba. Baba yake ni Kapteni Joubert, Mfaransa aliyewalinda watu wa misioni na wafanya biashara ya watumwa, na mama yake ni Mwafrika. Ni nani angeweza kumweka katika kambi moja? Wanne hao walitangazwa wenye heri Uvira, tarehe 18 Agosti 2024.

Miaka ya Zaire tunaipita kwa hatua ndefu. Mwaka wa 1972 serikali ilikataza majina ya Kikristu, na mwisho wa 1974 ikachukua shule. Mwaka wa 1977 ikazirudisha. Shida ile ilitoka nje, ikawabana Wakristu wote sawasawa. Shida ya namna hiyo huunganisha.

Ile iliyoanza mwaka wa 2013 ilikuwa ya namna nyingine. Waluba na Batwa wa Nyunzu, Manono na Kabalo walipigana miaka minne, wengine kwa mishale ya sumu, wengine kwa mapanga, na vijiji vya pande zote mbili viliteketea. Tarehe 30 Aprili 2015 wapiganaji wa Kiluba waliingia katika kambi ya Batwa waliokimbia vita, hapa karibu na mji wetu, wakaua watu wasiopungua 30, na wanawake na watoto wakiwamo. Kambi ile iliitwa Vumilia. Kufikia 2017 watu zaidi ya nusu milioni wa jimbo la Tanganyika walikuwa wameacha makao yao.

Mwaka wa 1960 watu waliokuwa sawa waligawanywa na vyama. Mwaka wa 2013 usawa wenyewe haukuwako bado. Mtwa alilima shamba la Mluba akalipwa mihogo, sigara au pombe. Mluba aliweza kuoa binti wa Kitwa, lakini Mtwa kuoa binti wa Kiluba lilikuwa jambo la kuchekwa. Na katika mambo ya uchifu Batwa hawakuwa na kiti. Hatuwezi kusema kwamba siasa ilivunja umoja pale, kwa maana wengi hawakuwa wameshirikishwa umoja huo.

Mwezi wa pili 2017 wajumbe wa pande mbili walikutana Kalemie wakatia sahihi mapatano. Mapigano hayakukoma siku ile. Lakini katika vijiji yaliundwa mabaraza ambamo Mtwa na Mluba huketi pamoja, wakisikiliza kesi za mashamba, madeni na mahari. Sheria ya tarehe 15 Julai 2022 imewapa Batwa wa Kongo nzima ulinzi juu ya ardhi na desturi zao. Mabaraza mengine huketi chini ya mwembe, mengine huazima benchi za shapeli.