Beni na Butembo Kati ya Reli Mbili

Treni haijawahi kufika Beni wala Butembo, mashariki mwa Kongo. Hata hivyo, anayetaka kuandika tarehe ya biashara ya miji hii hawezi kuiruka reli, kwa maana miji yenyewe ilikulia katikati ya reli mbili zilizokoma kabla ya kuifikia: moja upande wa msitu, Mungbere, na nyingine ng'ambo ya mlima Ruwenzori, Kasese nchini Uganda.

Ya Mungbere ndiyo ya kwanza. Kampuni ya Vicicongo iliundwa mwaka 1924 kwa ajili ya pamba ya eneo la Uele, ambayo wakulima walilazimishwa na serikali ya Wabelgiji kuilima. Njia ilianzia Aketi, bandari ya mto Itimbiri, ikapita Buta na Isiro, ikaishia Mungbere mwaka 1937. Isiro wakati huo iliitwa Paulis, jina la Kanali Albert Paulis aliyeisimamia kazi hiyo. Ilikuwa reli nyembamba mno: kati ya chuma na chuma zilikuwa sentimita 60 tu, na kwa upana huo ilikata mamia ya kilomita za msitu.

Mashine zake zilikula kuni. Makaa ya mawe yangetoka mbali, na miti ilikuwa pale pale, kwa hiyo magogo yalikatwa na kupangwa kando ya njia, treni ikasimama kuyapakia pamoja na maji. Mchochea moto hakuwa na nafasi ya kukaa. Kuni huwaka upesi kuliko makaa ya mawe, na zikiwa mbichi mvuke hushuka, treni ikalegea hata kwenye kilima kidogo. Kila tani ya pamba iliyoshuka Aketi ilikuwa na jasho la watu wengi nyuma yake: aliyelima, aliyekata kuni, aliyebeba mataruma, aliyekesha mbele ya tanuri. Majina yao hayakupewa mji wowote, nami naona ni haki kuanza tarehe hii kwa kuwataja, ingawa ni kwa kazi zao tu.

Kutoka Mungbere, safari ya kuja kwetu ilikuwa ya lori, katika barabara za msitu wa Ituri.

Reli ya pili ilitoka baharini. Waingereza walianza kuijenga Mombasa mwaka 1896, wakafika Kisumu mwaka 1901 na Kampala mwaka 1931. Ilikaa Kampala robo karne. Kilichoivuta kuja magharibi ni shaba ya Kilembe, chini ya Ruwenzori: mwaka 1956 njia ilifika Kasese baada ya kupita Mityana na Kamwenge, ikateremka kwenye bonde na kukatiza vinamasi vya mafunjo karibu na ziwa George. Shaba ilipelekwa kuyeyushwa Jinja, kwa umeme wa bwawa la Owen Falls lililofunguliwa mwaka 1954. Kwa mfanyabiashara wa Butembo, maana yake ilikuwa kwamba bandari ya Mombasa ilikuwa imemsogelea. Akishavuka mpaka wa Kasindi, stesheni ilikuwa mwendo mfupi wa lori.

Miaka hiyo hiyo, kiwanda cha Beyer Peacock cha Manchester kiliiletea Afrika Mashariki injini 34 za mvuke za aina ya Garratt, daraja la 59, kila moja na uzito wa tani 252. Boila lilining'inia katikati ya mafungu mawili ya magurudumu, moja mbele chini ya tangi la maji, moja nyuma chini ya mafuta, ili mashine ndefu namna ile iweze kukunja kona. Zilipewa majina ya milima. Namba 5902 iliitwa Ruwenzori, mlima ule ule ambao watu wa Mutwanga huuona asubuhi kabla mawingu hayajaufunika. Kazi yake ilikuwa kati ya Mombasa na Nairobi, hivyo mzigo wa kwetu uliotoka baharini ulivutwa nazo kwenye kipande cha kwanza cha safari.

Kisha mambo yalizorota. Shirika la reli la pamoja lilivunjika mwaka 1977 pamoja na Jumuiya ya Afrika Mashariki, mgodi wa Kilembe ukafungwa mwaka 1982, na kabla karne haijaisha treni ziliacha kwenda Kasese.

Nairobi walihifadhi kumbukumbu za reli. Makumbusho ya reli yalifunguliwa mwaka 1971, na mwaka 2001 Garratt namba 5918, Mount Gelai, iliwashwa tena moto ikatembea. Jinja nako sasa kuna makumbusho ya reli. Huko Wales, Uingereza, reli ndogo ya Talyllyn inayopita kwenye mabonde yenye miti iliokolewa mwaka 1951 na watu wa kujitolea, wa kwanza duniani kuendesha reli kwa namna hiyo: wanaondoa majivu, wanabadilisha mataruma, wanakata tiketi, bila mshahara.

Sisi nasi tunayo salongo, kazi ya pamoja kwa manufaa ya wote. Katika miaka ya vita, wafanyabiashara wa Butembo walichanga fedha ili barabara zipitike, kwa kuwa dola haikuwapo. Watu wa namna hiyo hawashindwi kukusanya stakabadhi za mizigo, picha, na masimulizi ya wazee waliopakia kahawa kwenda Kasese au waliofuata lori hadi Mungbere. Chuo Kikuu cha Graben kipo Butembo tangu 1989, na kina wanafunzi wa kuifanya kazi hiyo. Ifanyike sasa, wazee wangali hai.

Tarehe yenyewe inaendelea. Juni 2021 marais Museveni na Tshisekedi walikutana Mpondwe, mpakani upande wa Uganda, kuzindua ujenzi wa barabara za kilomita 223, zikiwemo 80 za Kasindi hadi Beni na 54 za Beni hadi Butembo. Uganda nayo ina mpango wa reli mpya ya kiwango cha kimataifa, na tawi lake la magharibi limechorwa kutoka Kampala hadi Mpondwe. Ng'ambo ya mto Lubiriha ni Kasindi, na ramani hiyo haivuki mto.